Usikubali bampa litobolewe kwa sababu ya namba pleti

Gari likishuka melini Kilindini kutoka Japani, huwa halina namba mbele wala nyuma. Kule lilikotoka, kabla halijapakiwa, lilifutwa kwenye daftari la usajili na vibao vyake viwili vikarudishwa serikalini. Kwa hiyo linatufikia na uso mtupu. Huku kwetu husajiliwa, hupewa herufi zake zinazoanza na K, kisha mwenyewe hulipeleka kwa fundi afungiwe vibao. Hapo ndipo mambo huharibika. Fundi hachukui kipimo wala hainami kutazama. Huweka kibao kwenye bampa, akatia alama mbili kwa kalamu, akawasha drili. Dakika mbili kazi imekwisha, na gari ambalo mtu alilidundulizia pesa miaka mitatu limeanza maisha yake ya pwani kwa kutobolewa uso.

Leo nataka kusema jambo moja tu, ndugu msomaji. Magari mengi tuliyonayo hapa hayahitaji kutobolewa hata tundu moja ili namba pleti ya mbele ikae imara. Mahali pa kuifunga pameshatengenezwa kiwandani. Na kwa yale machache yasiyo na mahali hapo, zipo njia nyingine, kila moja na faida yake na hila yake, hasa katika hewa yetu hii ya chumvi na jua letu hili lisilo na huruma.

Mimi si makanika. Diploma yangu ni ya mambo mengine kabisa. Lakini nimeendesha magari ya mtumba kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na nimekaa sana kwenye mabenchi ya gereji nikiwauliza mafundi wazuri kwa nini wanafanya wanavyofanya. Kuuliza si ujinga, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyavuna.

Kwa nini kibao cha mbele si pambo

Wako wanaoona kibao cha nyuma kinatosha. Katika majimbo kadhaa ya Marekani ni kweli kinatosha. Jimbo la Ohio, kwa mfano, liliacha kudai kibao cha mbele Julai 2020. Kenya si hivyo. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari liwe na vibao vyote vilivyowekwa, tena viwe vimefungwa kwenye gari kwa namna iliyoagizwa. Neno "vimefungwa" lina uzito wake. Katika kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016, kuendesha gari bila vibao, au vibao vikiwa havikufungwa inavyotakiwa, ni kosa la faini ya shilingi 10,000.

Sasa fikiria ni nani anayeilipa faini hiyo. Mara nyingi si mwenye gari. Ni kijana wa Likoni au Kisauni anayeendesha teksi ya mtu, ambaye kila jioni lazima apeleke hesabu kabla hajanunua unga wa nyumbani kwake. Kibao kikimdondoka barabarani, faini ni yake. Bampa likipasuka, mwenye gari humkata yeye. Kwa mtu kama huyo, jinsi kibao kilivyofungwa ni jambo la chakula cha watoto.

Kisha kuna kibao chenyewe kikipotea. Huendi dukani ukanunua kingine kama ununuavyo wiper. Itabidi uripoti kituo cha polisi, upewe abstrakti, uombe kibao mbadala NTSA, halafu usubiri. Na muda wote huo hujui kibao chako kiko mikononi mwa nani na kimefungwa kwenye gari gani. Gari hilo likifanya uovu, mlango utakaobishwa ni wako.

Kwa hiyo mambo mawili lazima yapatane. Kibao kikae imara kisiondoke, na gari lisiharibiwe katika kukiweka. Drili hutimiza la kwanza kwa kuvunja la pili.

Kilichoko nyuma ya bampa

Bampa la gari la siku hizi ni ganda la plastiki lililopakwa rangi. Nyuma yake kuna sponji ngumu ya kupunguza kishindo, na nyuma ya sponji kuna boriti ya chuma au alumini. Juu na chini ya boriti hiyo ndipo hewa inapopita kwenda kwenye kondensa ya AC na rejeta. Kondensa ndiyo iliyo mbele kabisa, na mirija yake ni ya alumini nyembamba. Skrubu ndefu au ncha ya drili iliyoteleza inaweza kuigusa.

Niliwahi kushuhudia hilo kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi alisukuma drili, plastiki ikaachia ghafla, mkono ukaenda wote mbele, tukasikia sauti kama ya nyoka. Ilikuwa gesi ya AC inatoka. Mwenye gari alikuja kwa kazi ya bei ya sahani ya biriani, akaondoka na deni la kondensa.

Zaidi ya kondensa, huko mbele kuna nyaya za taa za ukungu, honi, na kwenye magari mengi kipima joto cha hewa ya nje. Kuna pia sensa za kuegeshea, vile viduara vidogo usoni mwa bampa. Na sasa kuna rada. Kanuni yetu hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo magari yanayoshuka bandarini sasa ni ya kizazi cha breki za kujifunga zenyewe. Toyota ilianza kuuza mfumo wake wa Toyota Safety Sense mwaka 2015, na katika baadhi ya magari hayo rada imejificha nyuma ya nembo ya mbele. Magari mengine huiweka chini, kwenye matundu ya bampa. Ukitoboa bila kujua, au ukaweka kibao cha bati mbele ya rada hiyo, gari litakuwashia taa za onyo au litakosa kuona kilichoko mbele.

Hata pasipokuwa na chochote nyuma, tundu lenyewe ni mwanzo wa ufa. Plastiki hupasuka kuanzia pale palipodhoofishwa. Gari linapita kwenye matuta na mashimo ya barabara zetu, kibao kinatikisika, skrubu inakula kingo za tundu, na baada ya mwaka unaona mstari mwembamba unaoshuka chini. Na siku ya kuliuza, mnunuzi hupitisha mkono kwenye bampa, akaona matundu manne yasiyo na kazi, akaanza kukuhesabia punguzo.

Tazama kwanza: Wajapani wamekuachia mahali

Kibao cha Japani kina upana wa sentimita 33 na kimo cha sentimita 16.5. Hufungwa kwa bolti mbili za milimita 6, na kutoka kati ya bolti moja hadi kati ya nyingine ni sentimita 21. Kipimo hicho hakibadiliki, iwe Vitz, Demio, Note au Land Cruiser. Kwa hiyo gari lililotumika Japani lilikuwa na kibao mbele, na kibao hicho kilikuwa na pa kukaa.

Chukua futi ya fundi cherehani, inama mbele ya gari, tafuta katikati ya bampa. Utaona moja ya mambo matatu. La kwanza, vitundu viwili vilivyo wazi vyenye nati ndani yake, umbali wa sentimita 21. La pili, vitundu hivyo vimezibwa kwa vifuniko vidogo vya plastiki, kwa sababu muuzaji alitaka gari lipendeze kwenye picha. Ving'oe taratibu kwa ukucha au kijiti, si kwa bisibisi ya chuma. La tatu, kuna kishikio kizima cha plastiki nyeusi kilichobaki kutoka kiwandani, na kazi yako imekuwa nyepesi zaidi.

Ukivipata vitundu, jaribu bolti ya milimita 6 kwa mkono kabla hujashika spana. Ikiingia mizunguko mitatu au minne kwa vidole, nati ni nzima. Ikikataa, usiilazimishe. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, acha saa moja, jaribu tena. Kama ndani kuna soketi ya plastiki iliyolika, hiyo hubadilishwa kwa nyingine ya saizi yake, na haihitaji kupanuliwa tundu.

Kibao kirefu na vitundu vifupi

Hapa ndipo fundi anapopata kisingizio cha drili. Kibao chetu cha mbele ni kirefu, karibu nusu mita, na chembamba. Ukikiweka juu ya vitundu vya Mjapani, bolti zinaangukia katikati ya herufi na namba. Kichwa cheusi cha bolti kikikaa vibaya, 3 huanza kufanana na 8, na kibao kisichosomeka ni kosa sawa na kibao kisichokuwapo. Fundi akiona hivyo husema, "Haviingiliani, mzee," akatoboa kwenye ncha za kibao na kwenye bampa lako pamoja.

Dawa yake ni mshenga. Kama posa isiyopelekwa na bwana harusi mwenyewe, kibao nacho kipate wa kukisemea kwa gari. Mshenga huyo ni pau bapa ya alumini, upana wa sentimita 2 au 3, unene wa milimita 4 au 5, urefu sawa na kibao. Fundi yeyote wa madirisha ya alumini ana vipande vya namna hiyo pembeni. Mwambie akutobolee matundu mawili katikati, umbali wa sentimita 21, ayapanue kidogo usoni ili kichwa cha bolti bapa kizame. Kisha mengine mawili kwenye ncha, pale ambapo kibao hakina herufi, namba, bendera wala alama ya usalama. Pau inafungwa kwenye gari kwa vitundu vya kiwandani. Kibao kinafungwa kwenye pau kwa ncha zake. Drili imefanya kazi, lakini imetoboa pau ya bei rahisi, haikugusa bampa.

Ukipenda, tumia fremu ya plastiki inayouzwa mjini, ile ambayo kibao kinachomekwa ndani na kubanwa. Toboa fremu hiyo kwa umbali uleule wa sentimita 21, uifunge, kisha uchomeke kibao. Hakikisha tu mdomo wa fremu haufuniki ukingo wa herufi, na kwamba meno yake yanabana sawasawa. Fremu nyingi za bei ya chini hulegea zikikaa juani miezi kadhaa, na kibao huchomoka siku ya mvua. Ukitumia fremu, ongeza bolti mbili ndogo kwenye ncha.

Chumvi ya bahari na bolti zetu

Ushauri wa Nairobi hapa hautoshi, maana hewa yetu inakula chuma. Bolti ya kawaida iliyopakwa zinki, ukiifunga Mombasa, Malindi au Diani, huanza kutoa kutu mapema. Utaona mstari mwekundu unashuka kwenye kibao cheupe kama mtu aliyetema tambuu. Baada ya hapo bolti inashikana na nati, na siku ya kuifungua inakatika ndani.

Nunua bolti za chuma kisichoshika kutu. Ukiweza, pata zile za daraja la 316 zinazotumika kwenye mashua na boti, kwa kuwa hizo zimetiwa madini ya molibdenamu yanayozuia chumvi kuliko daraja la kawaida la 304. Nenda nazo dukani ukiwa na sumaku ndogo mfukoni. Bolti ikinata kwenye sumaku kwa nguvu kama msumari, basi si ile unayoambiwa.

Lakini kuna mtego. Kibao ni alumini, na alumini ikikutana na chuma cha namna hiyo penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka bolti, kisha tundu la kibao linapanuka mpaka kichwa cha bolti kinapita. Weka washa ya plastiki au nailoni kati ya bolti na kibao, na nyingine nyuma. Kipande hicho kidogo kinatenganisha madini hayo mawili. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti, na uikaze kwa kiasi. Plastiki haipendi mkono wa nguvu.

Gari lisilo na vitundu kabisa

Yako magari yasiyo na pa kufungia. Pengine bampa liliwahi kubadilishwa likawekwa la bandia lisilo na matundu, au gari lilitoka nchi ambayo kibao cha mbele hakikuhitajika. Kwa hayo kuna njia tatu za kweli.

Ya kwanza ni tundu la ndoano ya kuvutia gari. Kwenye bampa la mbele, upande mmoja, kuna kifuniko kidogo cha mraba au duara. Kikifunguliwa utaona tundu lenye nyuzi ambapo ndoano ya kuvutia huzungushiwa. Vishikio vya namba vinavyofungwa hapo vinauzwa, na ni imara sana kwa sababu vimeshikwa na chuma cha fremu ya gari lenyewe. Ila nyuzi za tundu hilo hutofautiana kati ya gari na gari, kwa hiyo nunua cha gari lako na si cha jirani. Na baadhi ya magari ya Ulaya, kama Volkswagen Golf, hukazwa kwa kuzungusha kinyume na mazoea yetu, kulia kwenda kushoto. Ukilazimisha upande usio wake utaharibu nyuzi. Ubaya wa njia hii ni kwamba kibao hukaa ubavuni, na siku gari likikwama utalazimika kukifungua kwanza ndipo livutwe. Weka spana yake kwenye buti.

Ya pili ni kishikio cha grili. Hiki kina ndoano au vibati vinavyopita kwenye matundu ya grili na kubanwa kwa nyuma kwa bolti ndefu, bila kutoboa chochote. Kwanza hakikisha bolti hizo ndefu haziifikii kondensa. Ingiza kijiti upime nafasi. Pili, usifunike mlango mkuu wa hewa. Gari linalosubiri feri Likoni saa saba mchana AC ikiwa imewashwa linahitaji kila pumzi linayoipata. Tatu, usiguse nembo wala kidude chochote cha rada. Nne, weka vipande vya mpira kati ya bati na grili, la sivyo mtikisiko utakwangua rangi mpaka ifike kwenye plastiki.

Ya tatu ni tepu ya pande mbili, na hii ndiyo inayotukanwa zaidi kwa sababu ndiyo inayofanywa vibaya zaidi. Sisemi tepu ya kubandikia picha ukutani. Nasema ile nene ya akriliki, ya kijivu au nyeusi, kama VHB ya kampuni ya 3M, ambayo viwandani hushikilia vipande vya magari na hata vioo vya majengo. Ikibandikwa sawasawa, haiogopi mvua wala jua. Masharti yake ni haya:

Osha bampa kwa sabuni na maji, likauke kabisa. Kisha futa kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Isiwe ile spiriti ya vidonda iliyotiwa mafuta, maana mafuta hayo ndiyo unayoyakimbia. Safisha na mgongo wa kibao vilevile.

Bandika kivulini, asubuhi au jioni, uso wa gari ukiwa na joto la kawaida. Kati ya nyuzi joto 21 na 38 ndiko tepu hii inakoshika vizuri. Bampa lililokuwa juani tangu asubuhi limepita hapo.

Weka mistari miwili mirefu, juu na chini, si vipande vinne vya pembeni. Bonyeza kwa nguvu sekunde kadhaa kila sehemu, kwa sababu tepu hii huamshwa na shinikizo.

Halafu subiri. Baada ya dakika 20 imepata kama nusu ya nguvu zake, baada ya saa 24 kama asilimia 90, na baada ya saa 72 imekamilika. Siku tatu hizo usilipeleke gari kwa mwosha magari mwenye pampu ya presha.

Usibandike kwenye plastiki nyeusi isiyopakwa rangi bila kupaka kwanza dawa ya kushikisha, inayoitwa praima. Plastiki ile haikubali gundi. Tepu hushika leo, ikaachia wiki ijayo. Wala usibandike kwenye bampa lililopigwa rangi upya na fundi usiyemwamini, maana tepu itashika rangi, na rangi ndiyo itakayoachia bampa.

Na kama bampa limepinda, usikikunje kibao kwa nguvu kifuate umbo lake. Kibao kilichopindwa kinataka kurudi kilivyokuwa, na usiku na mchana kitaivuta ile tepu mpaka kiishinde. Kiache kinyooke, na pengo la pembeni ulijaze kwa tabaka za tepu hiyohiyo.

Siku ukitaka kukitoa, pasha joto kwa mashine ya kukausha nywele, kisha pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma ya kibao, ukiuvuta huku na huku kama msumeno. Tepu inakatika, rangi inabaki. Mabaki yake yasugue kwa kidole gumba na alkoholi ileile.

Yasiyofaa

Sumaku haifai. Bampa ni plastiki na kibao ni alumini, kwa hiyo haina pa kushika. Hata ukiipata njia ya kuitumia, anayeweza kukibandua kibao kwa mkono ni kila anayepita.

Kuweka kibao juu ya dashibodi nyuma ya kioo hakufai, ingawa nawaona wengi. Hakikufungwa kwenye gari, kimelazwa. Mwanga wa jua kwenye kioo hukifanya kisisomeke, na gari likifunga breki ghafla bati hilo lina kona nne za kumkata abiria.

Zile kamba za plastiki zenye meno ambazo mafundi wa umeme hufungia nyaya zinafaa kwa safari ya kutoka barabarani mpaka gereji, si zaidi. Jua letu huzikausha zikavunjika kama kuni. Ukilazimika, chagua nyeusi, ambazo hustahimili mwanga kuliko nyeupe.

"Lakini wezi je?"

Hapo fundi hutoa hoja yake ya mwisho: nikitoboa na kupiga riveti, hakuna mwizi atakayeng'oa. Ni hoja ya mtu mwenye akili, na inahitaji jibu. Ziko bolti za kuzuia wizi ambazo kichwa chake hakifunguki kwa spana ya kawaida, zinahitaji ufunguo wake maalumu. Zifunge kwenye pau yetu, kwenye vitundu vya Mjapani, na umepata usalama bila kutoboa. Na ukitaka riveti, piga riveti kati ya kibao na pau. Mwizi atahangika vilevile, na bampa lako halijaguswa. Kinachomzuia mwizi ni kichwa cha bolti, na tundu jipya kwenye bampa halimzuii kwa lolote.

Nami sisemi drili ni haramu katika kila hali. Kuna mabampa ambayo kiwanda chenyewe kimeyatia vidoto vidogo vya kuonyesha mahali pa kutoboa kwa ajili ya kishikio chake. Hapo mtengenezaji amekwisha kuhakikisha nyuma hakuna kitu. Kutoboa kwenye kidoto hicho, kwa ncha ndogo na mkono wa taratibu, ni kufuata maagizo. Ninachokataa ni kutoboa kwa kukisia kwenye gari ambalo tayari lina mahali pake.

Msimu wa masika ukikaribia, fanya hivi dakika moja tu: shika kibao cha mbele kwa pembe zake zote mbili, ukitikise. Maji yaliyotuama barabarani yakisukumwa na gari huvuta kibao kwa nguvu kuliko upepo wowote, na kilicholegea kidogo kiangazi ndicho kinachosombwa mvua ikinyesha. Kikicheza, kaza. Kikiwa na kutu, badilisha bolti kabla haijakatika.

Na wewe uliyelitoa gari bandarini wiki hii, ukifika gereji usiketi kivulini na simu. Simama mbele ya bampa na futi yako, mwonyeshe fundi vile vitundu viwili vya sentimita 21, na umwambie kwa adabu: "Kaka, drili iweke chini. Nipe spana namba kumi."